Asili ya Neno si Hukumu: Kitenzi "Read" katika Uhakiki wa Kiswahili

Utangulizi

Kumezuka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili mazoea ya kuanza kazi kwa kamusi ya Kiingereza. Mtafiti aliyekusudia kuchambua utendi au riwaya hafungui tasnifu yake kwa utendi wala kwa riwaya hiyo. Huifungua kwa kueleza kwamba kusoma ndiko kunakoitwa "read" kwa Kiingereza. Kwamba "read" ilitokana na neno la kale lililokuwa na maana fulani. Na kwamba, kwa hiyo, kumsoma mtunzi ni kutenda sawasawa na maana hiyo ya kale. Aya mbili baadaye kamusi huwekwa kando, lakini hukumu imekwisha kutolewa. Yote yanayofuata, hata yakijaa mifano kutoka katika matini, huwa ni utekelezaji wa hukumu ambayo matini haikushirikishwa kuitoa.

Makala haya yanayapinga mazoea hayo. Elimu ya asili ya maneno ni elimu tukufu na haina kosa. Kinachopingwa ni kuifanya asili ya neno kuwa hoja ya maana yake, na zaidi ya hapo, kuifanya asili ya neno la Kiingereza kuwa hakimu wa neno la Kiswahili. Kitenzi "read" kimechaguliwa kwa sababu ndicho kinachoitwa mahakamani mara kwa mara, na kwa sababu historia yake, ikisimuliwa kwa ukamilifu, inawaumbua wale wale wanaoitegemea.

Safari ya kitenzi

Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa "rǣdan", na kazi yake ya kwanza haikuhusu kitabu. Kilimaanisha kutoa shauri, kufikiri, kuamua, na hata kutawala. Nomino yake, "rǣd", ilikuwa shauri lenyewe. Maana hiyo imehifadhiwa katika majina ya watu. Mfalme Æthelred II, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 978 hadi 1016, isipokuwa muda mfupi alipokuwa uhamishoni, alikuwa na jina lenye maana ya shauri adhimu. Waliomkejeli baadaye walimbandika lakabu ya "Unræd", yaani asiye na shauri jema. Vizazi vilivyosahau neno hilo vilisikia ndani yake neno jingine kabisa, "ready", na hadi leo mfalme huyo huitwa asiyekuwa tayari. Sauti mbili zilifanana, watu wakadhani maana ni moja.

Kutoka katika shauri kitenzi kilielekea kwenye ufafanuzi wa jambo lililofichika. Aliyeeleza ndoto alikuwa aki-"rǣdan", na aliyetegua kitendawili vilevile. Neno la leo la kitendawili, "riddle", ni mtoto wa kitenzi hicho hicho: lilikuwa "rǣdels", na sauti ya mwisho ilidondoka baada ya wasemaji kuidhania kuwa alama ya wingi. Katika mswada wa Exeter, ulioandikwa katika karne ya 10 na wenye vitendawili zaidi ya 90 vya kishairi, kipo kitendawili ambamo mtegaji anamtaka msikilizaji a-"rǣdan" anachokimaanisha. Hapo hapana anayesomewa herufi, panaombwa jibu.

Herufi nazo zilikuwa aina ya mafumbo kwa jamii iliyokuwa na wachache waliozijua, na kitenzi kikapanuka kuzikumbatia. Katika karne ya 9 Mfalme Alfred, akiandika utangulizi wa tafsiri yake ya kitabu cha Papa Gregory kuhusu kazi ya uchungaji, alitaka vijana walio huru wafundishwe hadi waweze kusoma vyema maandishi ya Kiingereza, na kitenzi alichotumia ni cha ukoo huu. Maana ya shauri iliendelea kuishi pembeni. Katika Hamlet, tamthilia ya mwanzoni mwa karne ya 17, Shakespeare anamtilia Ophelia kinywani neno "rede" kwa maana ya shauri anapomwonya kaka yake. Baada ya hapo neno hilo likabaki pambo la washairi wapendao ukale.

Leo "read" inabeba mizigo mingi. Mwingereza husoma kitabu, saa, kipimajoto, ramani, kiganja cha mkono na uso wa mwenzake; na mwanafunzi wa vyuo vikuu vya kale vya huko husemwa kwamba "anasoma" sheria, yaani ndiyo masomo yake. Kuhusu jirani zake, Kijerumani kilibakiza "raten" kwa maana ya kushauri na kukisia, lakini kwa kusoma kikatumia "lesen", kitenzi cha kukusanya na kuchuma ambacho bado husikika katika jina la mavuno ya zabibu. Kilatini kilifanya vivyo hivyo kwa "legere", na Kifaransa kikarithi. Wagiriki walitumia neno lenye maana ya kutambua upya. Waarabu wana kitenzi ambacho ndani yake mna kukariri na kutamka, na ndicho kilichozaa jina la Kurani.

Shahidi wa pande mbili

Wanaokiita kitenzi hiki mahakamani wamegawanyika makundi mawili, na inafaa kuyasikiliza yote mawili.

Kundi la kwanza linasema hivi: asili ya kusoma ni kukisia, kama mtu anavyokisia jibu la kitendawili, kwa hiyo kila usomaji ni kisio, hakuna kisio lenye haki kuliko jingine, na mhakiki hadaiwi uthibitisho. Kundi hili hupenda kujiita la udenguzi. Kundi la pili linasema hivi: asili ya kusoma ni kupokea shauri, kwa hiyo matini ya fasihi ni mshauri, na kazi ya mhakiki ni kuorodhesha mawaidha yake. Kundi hili hupenda kujiita la maadili. Kila moja lina mwalimu wake, wanafunzi wake na watahini wake.

Ajabu ni kwamba makundi haya yanayopingana yanamtegemea shahidi mmoja. "Rǣdan" ilimaanisha kukisia, na ilimaanisha kushauri, na ilimaanisha kutawala pia, ingawa hajapatikana bado mhakiki wa kudai kwamba kusoma riwaya ni kuitawala. Kila mmoja amekwenda ghalani, akachukua gunia alipendalo na kuyaacha mengine. Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huivutia kwake. Shahidi anayeweza kuthibitisha madai ya mdai na ya mdaiwa kwa wakati mmoja hajathibitisha lolote.

Kasoro hii haiponi kwa kurudi nyuma zaidi ili kuitafuta maana ya kwanza kabisa. Nyuma ya Kiingereza cha kale kuna umbo la mama wa lugha za Kijerumanika, na nyuma yake umbo la mbali zaidi. Lakini maumbo hayo hayakuandikwa na mtu yeyote. Yameundwa na wanaisimu kwa kulinganisha lugha zilizopo, nao kwa uaminifu huyatilia alama ya nyota kuonyesha kwamba ni nadharia. Anayejenga fasili ya uhakiki juu ya umbo lenye nyota anajenga ghorofa juu ya mchoro wa msingi.

Zaidi ya hayo, hoja yenyewe ikikubaliwa inaangamiza kila kitu. Kama asili ndiyo maana, basi Mwingereza anaposhika gazeti anakisia, Mjerumani anachuma, Mgiriki anatambua upya, na watu watatu waliokaa benchi moja kituoni wanafanya mambo matatu tofauti. Na jina la taaluma yenyewe lichukuliwe: uhakiki. Neno hilo ni la jamaa ya haki na hakika, na kuhakiki ni kuthibitisha. Kwa kanuni ya asili, mhakiki analazimika kutafuta ukweli mmoja usio na shaka. Basi mwanafunzi aliyetangaza katika sura ya kwanza kwamba kusoma ni kukisia, na katika ukurasa wa jalada kwamba kazi yake ni uhakiki, amejipinga kabla hajaanza. Hakuna anayeikubali natija hiyo. Na asiyeikubali natija hana budi kuiacha kanuni iliyoizaa.

Hoja hii si ngeni. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1916, baada ya kufa kwake, Ferdinand de Saussure alionyesha kwamba thamani ya neno hutokana na uhusiano wake na maneno mengine yanayotumika pamoja nalo kwa wakati mmoja; akalifananisha jambo hilo na sataranji, ambamo anayelitazama bao hahitaji kujua lilifikaje hapo ili aelewe nguvu za kila kete. Mwaka 1961 James Barr aliwashutumu wanateolojia waliokuwa wakichimbua mafundisho ya dini kutoka katika mizizi ya maneno ya Kiebrania na Kigiriki bila ya kujali sentensi zilizobeba maneno hayo. Fasihi ya Kiswahili ingestahili onyo lile lile. Udenguzi, kwa upande wake, una hoja nzito kuhusu kutotulia kwa maana, na Stanley Fish, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alijenga nadharia ya jamii za wafasiri kwa kutazama jinsi wasomaji wanavyosoma. Nadharia hizo zaweza kujadiliwa kwa mizani yake zenyewe. Kuzitegemeza kwa mzizi wa neno ni kuzidhalilisha.

"Soma" si "read"

Tatizo la pili ni zito kuliko la kwanza. Hata kama asili ya "read" ingekuwa na mamlaka juu ya "read", ingepataje mamlaka juu ya "soma"?

Eneo linalotawaliwa na kitenzi kimoja cha Kiingereza limegawanywa kwa Kiswahili baina ya vitenzi kadhaa. Kitendawili hakisomwi, hutegwa, kisha huteguliwa. Fumbo hufumbuliwa. Ndoto huaguliwa. Matini ya lugha ngeni, au aya ya Kitabu, hufasiriwa. Shauri hutolewa, huombwa, hupewa. "Soma" iko katika jamii hiyo ya maneno, lakini haiwakilishi jamii nzima. Mwanafunzi anayeandika "usomaji wangu wa riwaya hii" akimaanisha fasiri yake amebeba sentensi ya Kiingereza mgongoni na kuivisha kanzu.

Kwa upande mwingine, "soma" ina milki ambazo "read" haina. Mtoto wa pwani husoma chuoni, na huweza kuisoma Kurani kwa ufasaha kabla hajajifunza maana ya Kiarabu chake. Watu husoma Maulidi na husoma hitima, na hapo kusoma ni tendo la sauti na la jamaa, hata kwa aliyeyahifadhi maneno moyoni asihitaji kuyatazama. Mgonjwa husomewa dua. Mzazi husomesha, yaani hulipa karo. Mtu husomea ualimu. Mwenye elimu ni msomi, lakini mwenye gazeti mkononi ni msomaji, na si kila msomaji ni msomi. Lugha jirani nazo zilikwenda njia iyo hiyo: huko Buganda, katika karne ya 19, walioshika dini mpya walijulikana kuwa ni "abasomi", na miongoni mwa Wagikuyu walioingia misheni na shule zake walikuwa "athomi". Katika historia ya Afrika Mashariki, kusoma kulikuwa ni kuhamia jamii mpya. Historia hiyo haimo katika "rǣdan", na mtafiti anayeanzia huko hataiona kamwe.

Ipo pia tahadhari ya nyumbani. Waswahili wana "somo" lenye maana ya kinachofundishwa. Wana "somo" lenye maana ya mtu anayeshiriki jina na mwingine. Na wana "somo" aliye mshauri wa mwari, amfundishaye siri za utu uzima. Mhakiki mwenye tamaa ataruka kwa furaha: kumbe katika Kiswahili pia kusoma ni shauri! La hasha. Kufanana kwa sauti ndiko kulikomgeuza mfalme asiye na shauri kuwa mfalme asiye tayari. Uhusiano wa maneno hayo ni suala la kuchunguzwa kwa ushahidi wa lahaja na lugha ndugu, na hata ukithibitishwa utaeleza maneno yalikotoka, si namna ya kuuchambua utenzi.

Wosia wa Mwana Kupona

Hasara ya mazoea haya inaonekana waziwazi katika kazi moja ambayo kila idara huifundisha. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mama alikuwa mgonjwa, na utendi ni wosia wake kuhusu dini, adabu na ndoa. Wapo wahakiki walioona ndani yake utii mtupu, na wapo walioona kejeli iliyofunikwa kwa utii. Mabishano hayo ni halali na yana faida.

Lakini yanaamuliwaje? Kundi la kukisia litasema: kusoma ni kukisia, na kisio la kejeli lina haki sawa na jingine. Kundi la shauri litasema: kusoma ni kupokea shauri, basi shauri lipokewe kama lilivyo. Wote wawili wamemaliza kazi bila ya kuufungua utendi. Mwenye kuufungua atakutana na ushahidi wa aina nyingine. Ataona kwamba binti anashauriwa amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kusema, na atalazimika kuuliza anayetunzwa hivyo ni bwana au ni mwana, na nani katika nyumba hiyo mwenye ulimi. Atalipima swali hilo kwa beti zinazotangulia na zinazofuata, kwa desturi ya tenzi nyingine za wosia, na kwa msamiati wa Kiamu wa wakati ule. Huenda akaikuta kejeli. Huenda akaikuta huruma. Huenda akaikuta busara ya mwanamke aliyeishi katika nyumba ya mtawala na kujua nguvu hukaa wapi. Lolote atakalolikuta atakuwa amelilipia.

Tena ataona jambo ambalo lingepaswa kuwaaibisha waliokimbilia kamusi. Utendi huu una fundisho lake wenyewe juu ya kusoma. Mwanzoni mama anamwita binti asogee, akae, ashike wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno moyoni: utungo unatoka katika sauti na kuingia katika hati kwa mkono wa anayeusiwa. Mwishoni mtunzi anawageukia wanawake wote na kuwataka wasome, na wayafahamu maana, wasije wakabeba lawama mbele ya Mola. Kitenzi anachokitumia ni "soma", na kando yake ameweka kufahamu maana kuwa tendo la pili linalodaiwa baada ya la kwanza. Kwa Mwana Kupona, basi, kusoma si kukisia, wala si kupokea tu. Ni kuyatamka maneno, kisha kuwajibika kuyaelewa, na kuna atakayehojiwa asipoelewa. Mtu aweza kukataa fundisho hilo. Hawezi kusema kwamba halikuwapo, na kwamba ilibidi kwenda kuazima jingine katika vitendawili vya Exeter.

Pingamizi na hitimisho

Itasemwa kwamba makala haya yanawanyima wanafunzi silaha. Sivyo. Historia ya maneno ni ya lazima kwa anayesoma matini za kale. Asiyejua kwamba "rede" lilikuwa shauri hamwelewi Ophelia, na asiyejua msamiati wa kale wa Pate na Lamu hamwelewi Mwana Kupona. Lakini hapo kinachotafutwa ni maana iliyokuwa vinywani mwa watu wakati matini ilipotungwa, nayo huthibitishwa kwa matumizi ya wakati huo. Huko ni kumtumikia mtunzi. Kwenda nyuma ya matumizi hadi kwenye mzizi, kisha kurudi na mzizi huo kama kirungu cha kumnyamazishia mtunzi, ni jambo jingine.

Itasemwa pia kwamba ulinganishi wa lugha ni mzuri. Ni mzuri pale lugha zote mbili zinaposimama kizimbani kwa usawa. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe, ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati na nyingine zitazamwe kutokea hapo. Dai lao lilihusu jina la idara na mpangilio wa masomo. Kwamba miongo mingi baadaye mtafiti wa Kiswahili, anayeandika kwa Kiswahili juu ya utendi wa Kiswahili, bado huomba ruhusa ya kitenzi cha Kiingereza kabla ya kusema kusoma ni nini, ni dalili kwamba idara ile ilivunjwa mlangoni ikabaki chumbani.

Dawa si ngumu. Kila sura ya kwanza ya tasnifu inayoanza na asili ya "read" iulizwe swali moja: aya hii ikifutwa, ni hoja gani ya mbele itakayoanguka? Ikiwa hakuna, aya ilikuwa pambo, na pambo lifutwe. Ikiwa ipo, basi hoja hiyo haikuwa na nguzo nyingine, na mwenye kuitoa arudi kwenye matini akaitafutie. Mwana Kupona alimwita msomaji wake asogee karibu kwanza. Mhakiki hana pa kuanzia palipo bora kuliko hapo.